Saimi na Mashati ya Raimo

Kabla hajakaa kwenye mtambo wa kufumia, Saimi Hakkarainen alivua saa yake ya mkononi na kuitia ndani ya kiatu chake cha kushoto, pale mlangoni tulipoacha viatu vyetu vyote. Nilimwona akifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Hata siku ile ya aibu aliivua, akaitia kiatuni, akaingia na soksi zake za sufu kama kawaida.

Alikuwa mpishi wa shule yetu kwa miaka thelathini na miwili. Nilipokuwa mtoto nilikunywa supu yake ya njegere kila Alhamisi, na aliyebakiza alisimamishwa dirishani mpaka bakuli liwe tupu. Niliporudi kijijini na cheti changu cha ukutubi, nilimkuta amestaafu, mumewe amefariki, mabinti wake wawili wamehamia Uswidi. Alikuwa anashinda kwenye chumba cha chini cha shule ileile, mahali ambapo wanawake wa kijiji tulifuma mazulia ya matambara. Mashuka yaliyochanika, mapazia, magauni ya marehemu, yote tuliyakata tepe nyembamba, tukazikunja madonge, tukazifuma. Saimi hakuuza hata zulia moja. Alisema pale ndipo kichwa chake kinaponyamaza.

Mtande, yaani nyuzi za urefu zinazofungwa mtamboni, ulikuwa mmoja kwa wote. Kila vuli tulitandika nyuzi za mita thelathini, na majina kumi na moja yakaandikwa ukutani kwa zamu. Anayemaliza zulia lake anamwachia mwenzake kiti, na zulia linajikunja kwenye gogo lililo chini, mbele ya magoti ya mfumaji. Anayefuata anaanzia pale mwenzake alipoishia. Hakuna anayekata lake mpaka wa mwisho amalize. Siku ya kukata, wiki moja kabla ya Krismasi, gogo lote linakunjuliwa, kahawa inachemshwa, na kila mmoja anabeba lake kwenda kulitandika kwenye sakafu iliyosuguliwa.

Kuhusu matambara tulikuwa na sheria moja tu. Mfuko uliofungwa kwa utepe una mwenyewe. Mfuko ulio wazi ni wa yeyote.

Vuli ile Kerttu Pesonen alileta mashati ya mwanawe. Kerttu na Saimi walikuwa marafiki tangu wakiwa wasichana, na nyumba zao zilitenganishwa na uzio ambao hakuna aliyekumbuka kuutengeneza. Raimo, mtoto pekee wa Kerttu, aliangukiwa na mti akikata magogo msituni. Miaka mitatu mashati yake yalibaki yametundikwa kabatini. Sasa mama yake alitaka kufuma zulia la kuweka kando ya kitanda, ili akiamka miguu yake iguse kitu cha mwanawe. Aliandika jina lake la mwisho kabisa ukutani.

"Nipeni muda," alisema. "Mkasi bado unanishinda."

Mwanzoni mwa Novemba, tukiwa kwenye kahawa, Kerttu aliingia akasimama mbele ya rafu.

"Nani kachukua mfuko wangu?"

Tulitazamana. Raili, aliyekuwa msimamizi wetu, aliweka chini mkate wake wa iliki. "Labda uliurudisha nyumbani, Kerttu."

"Mimi sijawa kichaa, Raili. Mashati matatu ya mirabaraba na moja la njano. La njano lina kifungo kimoja cha shaba, nilikitoa kwenye koti la baba yake."

Nilikuwa nimekaa karibu na Saimi. Mkono wake ulishuka polepole ukaingia kwenye mfuko wa aproni, ukabaki humo. Hakumaliza kahawa yake.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani, alisimama katikati ya barabara yenye theluji akafungua kiganja. Kifungo cha shaba kilikuwa humo.

"Aulikki," aliniambia, "mashati ya Raimo nimeyakata mimi."

Alikifumba tena kiganja.

"Nilipungukiwa na rangi nyekundu ya kumalizia zulia langu. Mfuko ulikuwa wazi. Utepe ulikuwa umelala sakafuni. Na mashati ya mirabaraba, nani kijijini hapa hana? Yote yametoka duka lilelile."

"Basi mfungaji ndiye aliyesahau."

"Nadhani alikuja siku moja akiwa peke yake, akayatoa, akayanusa, akaondoka analia. Ningekuwa mimi, ningekumbuka utepe?"

"Mwambie hivyohivyo, Mama Saimi. Mfuko ulikuwa wazi. Huna kosa."

Alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani nilipobakiza supu. "Nimwambie nini? Kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwacha mwanawe wazi kwenye rafu?"

Alisema atamwambia kesho. Kesho yake alisema Jumapili.

Zulia la Saimi lilikuwa limeshajikunja kwenye gogo, na la Raili limelifunika. Zamu iliyofuata ilikuwa yangu. Wiki nzima nilifuma huku magoti yangu yakigusa lile gogo, na kila nilipokanyaga mbao za chini kupandisha nyuzi nilijua kilichomo. Kazi iliyokuwa ikinipumzisha ikanifanya nitoke na shingo iliyokakamaa. Nilikosea mistari miwili. Sikuifumua.

Kerttu naye alitafuta. Alikwenda nyumba hadi nyumba. Alikwenda jalalani, akafukua theluji kwa koleo. Kisha akamwomba Saimi amsindikize kanisani, darini panapowekwa nguo za msaada, kwa sababu yeye alikuwa na macho mabovu na ngazi ilikuwa mbaya.

Saimi alikwenda. Nilipomuuliza aliwezaje, alijibu, "Ngazi ilikuwa mbaya kweli."

Niliona anakonda. Binti yake alipiga simu kutoka Uswidi akaniuliza kama mama yake anakula. Nikasema anakula.

Zamu ya Kerttu ilipofika, alikataa kukaa. "Sina cha kufuma," alisema. Mtande ukasimama, umebaki mita mbili na nusu, na mazulia yetu kumi yamefungwa chini yake. Siku zikapita. Wanawake walianza kunung'unika, kwanza kwa upole.

"Mimi nimeshasugua sakafu," alisema Sirkka, mke wa mwenye duka. "Mnataka nitandike magazeti?"

"Wewe kwako magazeti yatapendeza," Raili alimjibu. "Angalau wageni watapata cha kusoma."

Walicheka, lakini Raili mwenyewe alikuwa amechoka. Jumatatu alibandika karatasi mlangoni: Alhamisi saa nne asubuhi tunakata, Kerttu amefuma au hajafuma.

Nilikimbia kwa Saimi. Nilimkuta jikoni amekaa, habari za karatasi ile ameshazisikia. Gogo likikunjuliwa, Kerttu angeyaona mashati sakafuni mbele ya watu wote.

"Mwambie leo," nilisema. "Uvuke huo uzio sasa hivi."

"Nimevuka mara tatu. Kila nikiingia ananiwekea kahawa."

Alhamisi wote walikuja. Habari ilikuwa imenukia, sijui kwa njia gani. Labda kwa jinsi nilivyokuwa nikikwepa macho ya watu. Kerttu alisimama karibu na mlango, koti mwilini na viatu miguuni. Alikuja kwa sababu Saimi alimwomba. Raili alishika mkasi mkubwa.

"Weka mkasi, Raili," Saimi alisema.

Alipiga magoti mbele ya mtambo, akafungua kabari ya gogo, akaanza kuvuta. Likatoka la mwenzetu wa kumi, kisha wengine, kisha langu la kijivu na makosa yake mawili, kisha la Raili. Alivuta kwa mikono miwili, anahema. Halafu likatoka lake. Lilikuwa jeupe la mapazia, na ukingoni mistari minene ya mirabaraba myekundu na myeusi, na katikati yake njano.

"Kerttu, njoo uangalie."

Kerttu alivuka chumba na viatu vyake. Hakuna aliyemkemea. Aliinama, akapitisha kidole juu ya ile njano, akaenda nayo mpaka mwisho wa mstari.

"Umemchanganya na mapazia ya shule," alisema.

"Ndiyo."

"Siku zote hizi. Ukapanda na mimi darini kanisani. Ukanishikia tochi!"

"Nilikushikia."

Saimi alimwekea kifungo cha shaba kiganjani. Kerttu akakifumbata bila kukitazama.

"Kumwibia marehemu," Sirkka alisema nyuma yangu, kwa sauti ya kusikika. "Haya mambo jamani."

Kerttu hakumsikia. Alikuwa akimtazama Saimi usoni, na kitu kilikuwa kimeanza kumtetemesha kidevu. "Niliufunga ule mfuko," alisema. "Mara ya mwisho nilipokuja... Saimi, niliufunga. Si niliufunga?"

Nilifungua mdomo. Saimi aliniangalia mara moja tu, nami nikaufunga.

"Uliufunga," alisema. "Mimi ndiye niliyefungua."

Pumzi ya watu ilisikika chumbani. Kerttu alisimama wima. Kidevu kikatulia, uso ukawa mgumu, na nadhani ndivyo Saimi alivyotaka.

"Yatoe," Kerttu alisema.

"Kerttu, zulia litaharibika lote," Raili aliingilia. "Zikitoka tepe hizo, linabaki nyuzi tupu."

"Yatoe."

Saimi aliyatoa. Zulia likishabanwa kwa chanuo la mtambo halifumuki kirahisi. Kila utepe unavutwa kwa ncha ya sindano nene, taratibu, usikatike. Alikaa sakafuni saa tatu. Wengine walikunywa kahawa, wengine wakaondoka. Nilipochuchumaa kumsaidia, Kerttu alisema, "Yeye peke yake," nikarudi nyuma. Mstari kwa mstari ule wekundu ulitoka, ukakunjwa madonge. Yalipatikana madonge manne na moja dogo la njano. Kerttu aliyatia kwenye mifuko ya koti lake, akaenda nyumbani bila kuaga.

Kesho yake alfajiri alikuwa wa kwanza mlangoni. Alikaa kwenye mtambo akafuma siku mbili, hakuzungumza na mtu. Jumamosi tukakata. La Saimi lilitoka kama wavu, vipande vya pazia vinaning'inia kwenye nyuzi. Alilikunja akaliweka kwapani, akavaa viatu vyake.

Majira yale yote ya baridi hakuna aliyekaa karibu naye kwenye kahawa isipokuwa mimi. Sirkka alianza kufunga mfuko wake kwa mafundo mawili na kuangalia kama Saimi ameona. Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nilimwambia Saimi, niruhusu niseme ukweli, angalau kwa Raili.

"Ukisema, siazimi kitabu kwako tena mpaka nife," alijibu. "Na unajua pale maktaba nimebakiza rafu moja tu kusoma."

Tulicheka kidogo. Kwenye mtande mpya wa baada ya Krismasi alikuwa anafuma zulia jingine, la kijani, polepole kuliko zamani.

Kerttu alikuwa amerekebisha uzio. Kuhusu zulia lake, mtu aliyekwenda kumpimia shinikizo la damu alisema limekunjwa chini ya kitanda, halijatandikwa hata siku moja. Saimi aliposikia aliniuliza mara mbili kama ni kweli. Baada ya hapo hakuuliza lolote juu ya Kerttu, ila kila akipita kwa dirisha lake la jikoni alisimama kidogo.

Mwezi wa tatu moyo ulimlaza Saimi hospitalini mjini. Nilikwenda kumwona Jumatano. Alikuwa mdogo kitandani, mikono juu ya shuka, vidole vikilipapasa pindo kana kwamba anapima ni tepe ngapi zingetoka.

"Ameshalikanyaga?" aliniuliza, kabla hata sijavua kofia.

Nilimwambia nilichokiona. Jana yake asubuhi, nikienda kufungua maktaba, nilimkuta Kerttu uwanjani kwake. Alikuwa amelilaza zulia kifudifudi juu ya theluji mpya, analipiga kwa kipigio kwa nguvu zake zote, kama tunavyosafisha mazulia huku kwetu. Alipolinyanyua, theluji chini yake ilikuwa ya kijivu.

Saimi alifumba macho. Muuguzi aliingia na uji, akauweka mezani, akatoka. Nilidhani amelala. Nilivaa koti nikafika mlangoni.

"Basi limechafuka," alisema. "Vizuri."