Kiti Kilichotazama Milima

Mimi ni mtu wa orodha. Kazi ya usekretari Bujumbura imenifanya hivyo, na baba yangu hajachoka kunicheka kwa ajili yake. Nilipopewa Ijumaa moja ya mapumziko, nikaiunganisha na Jumamosi, jambo la kwanza nililofanya ni kutafuta karatasi. Juu niliandika "Rumonge, siku mbili", chini yake nikachora mstari, kisha nikaanza kuwauliza wenzangu ofisini mtu aende kufanya nini huko, ukiacha yale ambayo kila mgeni anayafanya. Wote walinijibu yale yale: ufukwe, samaki wa kuchoma, na jioni ukae kwenye mchanga utazame taa za wavuvi wa visamaki vya ndagala zikiwaka ziwani.

Jambo la kuchekesha ni kwamba mimi nimekulia Rumonge. Tulihamia Bujumbura nikiwa na miaka kumi na mmoja, na tangu hapo mji ule kwangu umekuwa kitu cha kupita tu, dirishani, nikielekea msibani au harusini. Nilikuwa nawauliza wenzangu, watu wa mlimani wasio wa pwani, habari za nyumbani kwetu, na sikuona haya.

Orodha ilikuwa na sababu yake. Baba alikuwa anapoteza macho. Daktari alitueleza sote wawili, kwa upole, kwamba mwanga unamtoka kuanzia pembeni kuja katikati, kwamba dawa zinachelewesha tu, na kwamba tusitegemee sana mwaka ujao. Tayari alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo. Akitaka kukuona mzima, ilimbidi akupitie kipande kwa kipande.

Kwa hiyo taa ndizo zilizokuwa kichwani mwa orodha yangu. Baba alivua ndagala miaka zaidi ya ishirini, enzi za karabai, na usiku baada ya usiku aliziwasha taa zile kwa mikono yake. Nilitaka azione mara moja ya mwisho akiwa ameketi tu, hana kazi yoyote. Nililitaka jambo hilo kuliko nilivyowahi kutaka kitu kwa ajili yangu mwenyewe.

Nilipomwambia habari ya Ijumaa ile, aliuliza tu, "Vendredi gani?"

"Ya wiki ijayo, Papa."

Akahesabu kitu kwenye vidole vyake, kidole gumba kikigusa vingine kimoja kimoja, kisha akatabasamu. "Iko bien, mama. Twende." Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nilidhani alikuwa anahesabu siku za kungoja.

Tulishuka Rumonge kabla ya adhuhuri. Jua lilikuwa limefunikwa na utando mwembamba wa mawingu, ziwa halitikisiki, na kila kitu kilionekana kama kimeamka sasa hivi na bado hakijaamua kusema. Tulikwenda kwanza nyuma ya soko, tukifuata harufu, mpaka mahali wanapokamua mawese. Hakuna mgeni anayepelekwa pale. Wanaume wawili walikuwa wakizunguka na mti mrefu wa kinu, taratibu, bila kuongea, na mafuta yalikuwa yakitoka chini mekundu na ya moto. Mama mwenye kinu alimwona baba akinusa, akacheka. Akachukua kipande cha muhogo uliochemshwa, akakichovya kwenye mafuta, akampa.

"Kula, Papa. Ya moto hivi haiko kule ku soko."

Baba alikula amefumba macho, mafuta yakimshuka kidevuni, nami nikaweka alama kwenye karatasi. Nilifurahi sana. Nilijiona binti hodari.

Baada ya kupumzika tulikwenda ufukweni. Ilikuwa imekaribia saa kumi na moja, saa ambayo wavuvi huisukuma mitumbwi majini, na hapakuwa na mtu aliyekuwa akisukuma chochote. Mitumbwi ilikuwa imevutwa juu kabisa, mingine imepinduliwa. Taa zilikuwa zimefunguliwa kutoka kwenye mitumbwi, hazipo. Nyavu zilitandazwa mchangani kama nguo za familia kubwa, na wanaume wameketi juu yake na sindano zao, wakishona, redio ikiimba kwa sauti ya chini.

Nilimwendea mmoja aliyekuwa karibu. "Amahoro, kaka. Leo mnaingia ziwani saa ngapi?"

Alinitazama kutoka kichwani hadi kwenye viatu. "Dada, uko mugeni hapa? Hii ni wiki ya mwezi. Ndagala batafuata taa yetu namna gani, na kule juu kwiko taa kubwa kupita yote?"

Wenzake wakacheka. Nilisimama pale na karatasi yangu mkononi. Taa huwaita samaki pale giza linapokuwa giza kweli. Mwezi ukijaa, ziwa zima linang'aa, samaki wanatawanyika, na pwani yote inapumzika, toka Magara mpaka kwetu. Mtoto wa miaka mitano wa pwani hii anajua hilo. Mimi, binti wa mvuvi, nilichagua siku kwa kalenda ya ofisi. Bujumbura tuna umeme, ukikatika tunalaani, lakini mwezi hatuuangalii. Niliona aibu iliyonichoma masikio.

Nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa ameketi kwenye wavu na wale wanaume, vidole vyake vikitembea kwenye matundu, vikigundua palipochanika kabla ya macho ya wenzake.

"Papa, ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungepanga siku ingine."

"Lakini tumekuja kwa ajili ya taa!" Sauti yangu ilipanda, nikalia mbele ya watu wazima, kwa hasira.

"Ni weye umekuja kwa taa," alisema, wala hakuinua kichwa. "Mimi taa nimeziona. Nimeziona mpaka zimenimaliza macho."

Nilitembea peke yangu mchangani mpaka jua lilipoanza kushuka. Tulikaa penye mkahawa mdogo wa mchangani, viti vya plastiki vyote vimepangwa kutazama ziwa na milima ya Kongo ng'ambo, ambayo ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau, kisha rangi isiyo na jina. Maji yalikuwa yakilamba mchanga na kuuacha. Hasira yangu ilikuwa inaondoka bila ruhusa yangu.

"Mama," baba akasema, "geuza kiti yako. Kaa mbele yangu, uangalie milima ya kwetu."

"Nilipe ziwa mgongo?"

"Lipe mugongo."

Msichana aliyeleta Fanta alidhani tumepotea. "Ziwa iko huku," alinionyesha kwa kidole.

"Tunajua fasi yake, murakoze," baba akamshukuru.

Nikageuza kiti. Sasa tulikuwa tumetazamana, magoti yetu karibu kugusana. Nyuma yake, juu ya michikichi ya mlimani, anga lilianza kupauka, kisha mwezi ukatokeza, mkubwa, wa manjano, ukipanda polepole hata unaweza kuufuata kwa jicho.

"Papa, mwezi unatoka nyuma yako. Hutauona."

"Sitaki kuona mwezi."

Hapo nikaelewa. Tulipokuwa wadogo, baba alikuwa akiondoka jioni na kurudi alfajiri, halafu akalala mchana kutwa. Nyumba za wavuvi mchana zilikuwa nyumba za kunong'ona. Mama hakutwanga majani ya sombe kwetu, alikwenda kutwanga kwa jirani. Sisi tulicheza mbali na dirisha, na aliyepiga kelele alifinywa. Wiki ya mwezi ndiyo iliyotupatia baba. Jioni alikuwa akinikalisha juu ya mtumbwi uliopinduliwa na kuniambia nimsimulie yote ya mwezi mzima aliokuwa kazini, nami nilikuwa nasimulia, uso wangu ukiwa mweupe kwa mbalamwezi, yeye ananitazama. Sura yangu aliijua kwa mwanga ule. Mwanga mwingine hakuwa na nafasi nao.

Mwezi ulipopanda ukanimwagikia usoni, aliniinamia na kuanza kunipitia. Alianza na paji la uso. Akaenda kwenye nyusi, moja, kisha nyingine. Alikaa sana kwenye macho, na aliona kwamba nalia, lakini akaendelea. Akashuka puani, akacheka kidogo, maana pua ni yake.

"Usitikisike kwanza," alisema. "Bado sijamaliza."

Sikutikisika. Nilisikia maji nyuma yangu, na harusi mahali fulani mjini, maana wiki ile ndiyo watu wa pwani huoa. Alifika kidevuni akasimama. Akaweka kidole gumba pale, penye mstari mdogo ambao hata mimi nilikuwa nimeusahau.

"Hii kovu, ulipata wapi?"

"Nilianguka na ndoo, nikitoka kuchota maji. Nilikuwa na miaka saba."

"Damu ilitoka?"

"Nyingi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa ndani, Papa, umelala. Mama alinipa kitenge nikiume, nililie humo, usije ukaamka."