Mashine ya Jelle Hainyweshwi Ikiwa Moto

Jelle alilelewa nyuma ya ngamia huko Habaswein, na hadi leo, mvi zikiwa zimemjaa, kuna jambo moja halijamtoka: mnyama mwenye kiu hasubirishwi. Ukame ulipommalizia kundi alihamia Garissa, akawa mtunza bustani katika nyumba ya wageni ya Faiza, kando ya mto Tana. Alifyeka nyasi kwa slasha mpaka magoti yakamsusia. Akaenda kwa Faiza akamwambia kweli tupu, kwamba akiinama hainuki. Faiza akanunua mashine ya kukatia nyasi, ile yenye kiti na usukani.

Wazee wenzake pale kwenye chai walimcheka hadi wakapaliwa. Kwao ngamia hubeba nyumba, maji na mikeka, na mtu mzima mwenye afya hutembea kando yake. Anayepandishwa juu ni mtoto au mgonjwa. "Umeugua nini, Jelle?" wakawa wanamuuliza kila wakimwona amekaa kitini. Jelle aliwasha injini, akaenda zake. Aibu ilimuuma, lakini slasha ingemuuma zaidi.

Faiza, aliyezoea kumwita adeer, yaani ami, alimpa masharti. "Adeer, kwanza zima injini. Iache ipoe kabisa ndipo ufungue tangi. Usijaze hadi shingoni, petroli ikipata joto hutanuka. Na moto usikaribie hata kidogo, kwa sababu mvuke wake hutambaa chini bila kuonekana, unautafuta moto wenyewe. Ukivunja hata sharti moja, ufunguo unarudi kwangu na wewe unarudi kwenye slasha."

Jelle aliitikia haya, haya. Lakini mashine iliponyamaza katikati ya kazi, yeye aliona mnyama aliyefika kisimani ulimi nje. Amsubirishe kwa kosa gani? Faiza akigeuka tu, aliinywesha vivyo hivyo ikiwa moto, huku akiiimbia wimbo wa kunyweshea ngamia. Mungu alimsitiri tu.

Ikafika siku ya harusi. Wageni wangeingia bustanini baada ya alasiri, na mashine ikazimika nusu ya kazi, bustani upande mmoja imenyolewa, upande wa pili ina manyoya. Jelle akaleta mtungi wa petroli mbio mbio, akaufungua. Alikuwa anakinyooshea mkono kifuniko cha tangi alipomwona mama mkwe wake, Ugbad, akiingia langoni na chetezo mkononi, makaa yamekolea, moshi wa ubani ukimtangulia. Alikuwa amesikia vicheko vya wale wazee, naye amekuja kuifukiza mashine ya mkwewe isipatwe na jicho.

Hapo ndipo Jelle aliposhikwa pabaya. Tangu aoe, hajawahi kumwamrisha mama huyu hata kwa kukohoa. Huinamisha macho na kusema, "Haa, hooyo," yaani ndiyo, mama, basi. Alifungua kinywa aseme simama, heshima ikakifunga. Akaziba mdomo wa mtungi kwa kiganja, akatimua mbio nao.

Ugbad alishangaa kidogo tu. Maisha yake yote amejua kiumbe kimoja kinachokimbia ubani, nacho si binadamu. "A'udhu billahi," alisema, akakaza mwendo. "Wewe uliyemwingia mkwe wangu, toka leo hii."

Wakauzunguka mwarobaini hata hesabu ikapotea. Wakapita chini ya kamba ya nguo, Jelle akichechemea kama mbuzi aliyechomwa mwiba, Ugbad nyuma yake, mwepesi, maana yeye hajawahi kupanda chochote ila miguu yake. Kwenye ukuta wa nyuma magoti yakagoma. Jelle akaanguka kitako, kiganja bado kimeziba mtungi, na makaa yanakuja.

"Hooyo, simama hapo hapo," alisema. "Hii ni petroli. Rudisha moto nyuma."

Ugbad alisimama. Alinusa. Kisha akarudi hadi kwenye bomba, akayamwagia makaa maji mpaka yakaacha kulia, ndipo akamwendea.

"Kwa nini hukusema mapema?"

"Ningekuamrishaje, hooyo?"

"Na hiyo ni heshima gani, ya kuniacha niungue?"

Jelle aligeuza uso pembeni. Kumbe Faiza alikuwa mlangoni mwa jikoni, ameona yote.

"Adeer, ndiyo magoti yale uliyoniambia?" aliuliza. Jelle alijaribu kusimama amjibu kwa adabu, akashindwa, akabaki chini. Faiza akaiendea mashine, akachomoa ufunguo. Jelle aliuona ukienda. Faiza akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo.

"Imepoa," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza umeisubiri ipoe. Ule wimbo wako huwa nausikia mapema mno." Akamrudishia ufunguo.

Ugbad alimwinua kwa mkono mmoja. Jelle akamimina petroli taratibu, akaacha nafasi juu, akafunga tangi, akaupeleka mtungi mbali. Kupanda kitini kulimshinda, mama mkwe akamsukuma. Wazee, waliovutwa na zile mbio, walikuwa wamejaa uani.

"Umeugua nini, Jelle?"

"Magoti," alisema Jelle, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa mgonjwa kupandishwa ni haki yake. Ugbad aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamwelekea mmoja aliyekuwa akivuta sigara.

"Na wewe," alisema, "zima hiyo."