Omari wa Fungu la Mwisho

Kichwa changu kimekataa, jamani. Omari tumemzika Jumatano kwao Likoni, jeneza nimelibeba kwa bega langu hili, na bado jana saa ya kutoka kazini nikasimama getini kumngoja, kama mjinga.

Nabandika karatasi hii hapa Changamwe, ubaoni kwa Bi Rehema, ili kila mtu wa baraza letu la vitabu aisome akija kula mbaazi na mahamri. Asiye wa baraza naye aisome. Hati yangu nzuri, hanyimwi mtu.

Mutua wa reli aliniambia pale pale matangani: "Omari hayuko. Wasomaji tumebaki wawili, na mmoja wa hao wawili ni wewe. Baraza limekwisha."

Kwa heshima ya msiba nikaendelea kugawa kahawa. Sasa namjibu.

Kwa asiyejua: kitabu kilikuwa kimoja na wasomaji watatu. Omari, karani wetu wa mapipa kule depo ya mafuta, hukata uzi wa mgongoni kwa wembe, akapata mafungu matatu, kila fungu akalivika karatasi ya mfuko wa simiti. La kwanza Mutua, la pili mimi, la mwisho yeye. Jumapili alasiri kila mmoja husimama akahadithia fungu lake, kisha akasema alivyoona yeye mwenyewe moyoni.

Kusema "kizuri" ilikuwa marufuku. "Kizuri ni pilau," Omari akituambia. "Kitabu niambie kimekufanya nini."

Mwakumbuka kile kitabu cha hakimu aliyeletewa nduguye wa tumbo moja kumhukumu? Bi Rehema, ambaye hajui alifu wala be, aliuliza: "Na mama yao yuko wapi? Angewaita wote wawili ukumbini, kesi ingekwisha kabla ya chai kupoa." Omari akasema huyo ndiye aliyesoma kutushinda sote.

Sasa Mutua, kaa kitako. Yule ndugu hakutoroka.

Fungu langu ndilo lililokuwa na kesi, na mimi shule niliachia darasa la nne. Maneno yalikuwa marefu kama treni ya mizigo. Jumapili ikanifikia niko ukurasa wa tatu. Nikasimama, nikapiga kifua, nikahadithia jinsi ndugu alivyoruka dirishani, akadandia gari la mkaa mpaka Voi. Wallahi mlipiga makofi! Mutua alitoa machozi, ingawa leo atasema ni moshi wa jiko la Bi Rehema.

Omari akasimama na fungu lake mkononi. Huko ndani ndugu alikuwa kifungoni tangu mstari wa kwanza. Yeye alijua nimebuni, maana kila kitabu alikisoma chote kabla ya kukikata. Akanitazama. Akafungua kurasa, akaanza kusoma kwa sauti yake ile ya karani, jinsi askari walivyomkamata ndugu Voi na kumrudisha. Hapakuwa na neno hata moja la hayo pale kwenye karatasi.

Tulipokuwa tukirudi akaniuliza: "Ile safari ya Voi, nauli ulilipa wewe?"

Nilitamani ardhi inimeze. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema, "Kesho ukitoka shifti usinawe, njoo moja kwa moja. Uhuru huo unakuja, bwana. Karatasi zitaletwa, utatia sahihi usichokijua?"

Miezi saba nimekaa juu ya pipa tupu, mikono mafuta, nikisoma neno kwa neno, naye akinirudisha nyuma kila nilipobuni. Na nilibuni sana, maana kipaji ninacho.

Alipolazwa hospitali ya Port Reitz nilimpelekea machungwa. Hata salamu hakuitikia vizuri. "Jumapili mmesoma nini?"

"Twakungoja wewe."

Akakasirika, na kifua chake kile kilichomlaza. "Mwaningoja? Kwani mimi imamu, hamsali mpaka nitangulie?" Akatoa kitabu kipya chini ya mto, uzi wake mzima. "Kisome chote. Kisha kata wewe."

Siku kumi na moja. Nilikimaliza Jumanne asubuhi, chote, mimi huyu wa darasa la nne! Nikapanga jioni niende nimtambie. Adhuhuri wakaja kutuambia depo.

Basi sikilizeni. Kitabu nimekikata jana. Fungu la kwanza ni la Mutua, atake asitake. La mwisho nimelichukua mimi. La katikati linaning'inia hapa msumarini chini ya karatasi hii. Ajuaye kusoma alichukue, wa bara, wa pwani, mke kwa mume. Akikwama aje depo saa kumi, mapipa ya kukalia ni mengi. Akithubutu kubuni nitamjua, mimi ndiye mwalimu wa kazi hiyo.

Jumapili tunasoma. Tukiwa watatu tunasoma, tukiwa wawili tunasoma, na Mutua akinuna nitamsomea Bi Rehema peke yake.

Omari, ndugu yangu, Mola akupe nafasi pana na usingizi mwema. Sikukungoja.