Kipandio Kilichotulisha

Mtu akiniuliza shemeji yangu ni mtu wa namna gani, namjibu kuwa ni fundi mzuri, kisha nabadilisha mazungumzo. Nikiendelea zaidi ya hapo nitatoa maneno ambayo dada yangu hataki yatoke.

Na ufundi wake si wa kutia chumvi. Kazi yake ni kuchomelea vyuma katika kiwanda cha sabuni tunachofanyia kazi sote watatu: yeye yuko karakana, mimi niko stoo ya vipuri, na dada yangu, mkewe, yuko jikoni, anapika chai na kuipeleka ofisini. Kiwandani shemeji wanamwita Cheche. Siku aliyokuja nyumbani kuposa alikaribishwa kiti kinachoyumba, naye badala ya kueleza kilichomleta akakipindua mbele ya wazee wetu, akaanza kukagua miguu yake. Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, akasema huyu apewe mke upesi kabla hajaifungua nyumba nzima. Ndivyo alivyo. Kitasa kikilegea, mpini wa sufuria ukicheza, hapati usingizi mpaka akaze. Dada alijivunia jambo hilo kupita kiasi. Sisi wengine tuliolewa na watu wa kusema "kesho", yeye aliolewa na mtu mwenye spana mfukoni.

Sasa, kutoka ukumbi wa kufungashia sabuni kwenda ofisi za juu kuna ngazi ya chuma. Kipandio chake cha nne kutoka juu kiliachia upande mmoja, ukikikanyaga kinabonyea na roho inakuruka. Dada alipita hapo kutwa, mkono huu chupa za chai ya moto, mkono ule sinia la vikombe, hana wa kushikia reli. Shemeji alipokiona alikuja moja kwa moja kwenye dirisha langu la stoo.

"Shemeji, nipe vijiti vya kuchomelea. Dada yako atakuja kuvunjika shingo pale."

"Kibali unacho?" Kazi ya moto karibu na maboksi haifanywi bila kibali cha ofisi ya usalama.

"Nakifuata sasa hivi."

Alirudi mikono mitupu. Aliambiwa asubiri, suala linashughulikiwa. Akasubiri wiki, akasubiri nyingine.

Hapa inabidi niwaeleze habari ya kadi, na naomba mnivumilie kwa sababu hata kuisimulia inanitia kinyaa. Kampuni yetu ni kubwa, ina viwanda na maghala kila upande, na zamani usalama wa kila tawi ulipimwa kwa kuhesabu walioumia. Kisha akaja mama mmoja mwenye miwani kutoka makao makuu, akatufundisha mtindo mpya. Alisema ukihesabu majeruhi umeshachelewa. Tuhesabu mambo yanayotangulia: hatari zilizoonekana na kuripotiwa, ukaguzi uliofanyika, mazungumzo ya usalama kabla ya zamu. Aliyaita viashiria vya mapema. Tawi linaloripoti hatari nyingi ndilo lenye macho, alisema. Nilimwelewa, na nilimpenda. Hata mimi nyumbani mtoto akianza kukohoa sisubiri alazwe. Wazo lilikuwa zuri kabisa, mpaka lilipokabidhiwa kwa afisa usalama wetu.

Huyo tunamwita Asilimia, kwa kuwa kila kitu kwake ni asilimia mia. Ana marashi yanayofika mlangoni kabla yake, ana kijiti cha meno kinachohama kutoka pembe moja ya mdomo hadi nyingine, na kila akihesabu kadi analamba kidole. Zile kadi zilizolowa mate yake nililazimika kuzipanga kwenye maboksi stoo kwangu, na nilikuwa nazishika kwa kucha.

Kila idara ilipangiwa idadi ya kadi za hatari za kujaza kila wiki, na matawi yote yakapangwa kwenye ubao mmoja, la kwanza hadi la mwisho. Makao makuu walihesabu kadi zilizoingia. Kama hatari iliyoandikwa imeondolewa, hilo ubao haukuuliza. Basi watu wakaandika lolote: jua linapiga dirishani, paka amelala njiani, mpishi amekasirika. Yalipowaishia ndipo wakakumbuka kipandio. Hicho kilikuwa hatari ya kweli, hakuna wa kukibishia. Ufungashaji wakakiripoti, ofisi wakakiripoti, madereva ambao maisha yao hawajapanda ile ngazi nao wakakiripoti, na wiki iliyofuata wote wakakiripoti upya. Tawi letu likapanda ubaoni mpaka likakaa juu ya yote. Tukaletewa fulana.

Shemeji alipokwenda tena kudai kibali, Asilimia hakujisumbua hata kudanganya.

"Kaka, kile kipandio kinatulisha," alimwambia. "Ukikitengeneza, watu wataandika nini?"

Sisi wengine, nakiri, tulizoea. Miguu ilijifunza yenyewe kukiruka, kila mtu akifika pale anapanua hatua kama anavuka dimbwi. Shemeji hakuzoea. Siku Asilimia aliposafiri kwenda semina, alikuja wakati wa chakula cha mchana, nikampa vijiti bila kuuliza kibali, akapanda na mashine yake. Kazi ilikuwa ndogo sana. Dada aliitwa aje ajaribu. Alisimama juu ya kipandio na sinia lake, akaruka kidogo, vikombe vikalia, akacheka.

"Mmeona?" akawaambia wanawake wa ufungashaji. "Wangu mie hajui maneno matamu, lakini hebu pandeni hapa!"

Wakapanda. Baada ya siku chache hakuna aliyekuwa anaruka tena.

Kadi hazikukoma. Kipandio kilikuwa kizima, lakini kila wiki kiliandikwa kibovu, kwa sababu watu walikuwa wananakili kadi ya wiki iliyopita. Mimi nilizipanga, nikasonya, nikaenda kunawa mikono.

Halafu ikaja habari kwamba wageni wa makao makuu wanakuja kulitazama tawi bora, na wangependa kukiona hasa kile kipandio kinachoripotiwa kuliko kitu chochote katika kampuni nzima. Asilimia alimkuta shemeji dirishani kwangu. Maneno yote niliyasikia kwa masikio yangu.

"Cheche, ulichomelea bila kibali. Hilo peke yake linatosha kukufukuzisha."

"Kilikuwa kibovu, bosi."

"Najua kilikuwa kibovu! Kadi za juzi zinasema bado ni kibovu. Wageni wakikikuta kizima tutaonekana waongo asilimia mia." Kijiti kikahama. "Kirudishe kilivyokuwa."

"Nikikate?"

"Upande mmoja tu. Asubuhi nitafunga utepe wa tahadhari mimi mwenyewe, watapiga picha zao, jioni nakupa kibali unakichomelea. Kuna ubaya gani?"

Nilimtazama shemeji nikingoja atukane. Nilikuwa tayari kumsaidia, matusi ninayo. Yeye akatazama viatu vyake, akaniuliza bila kuinua uso, "Shemeji, diski za kukatia zipo?"

"Zimekwisha," nikasema.

"Zile pale nyuma yako," akasema Asilimia.

Shemeji alipozichukua nilimshika mkono. "Mwambie dada. Leo hii."

"Niachie mimi. Ni mke wangu."

Kweli alikuwa mkewe, nikamwachia. Alikikata jioni wafanyakazi walipokwisha kuondoka, akakisugua pale alipokata mpaka mtu asijue kuwa kimekatwa. Alikwenda nyumbani, akala, akalala. Dada alinieleza baadaye kwamba usiku ule alikuwa mpole kupita kawaida, hata vyombo alimsaidia kuosha. Hakusema neno. Aliona aibu. Angeanzaje kumwambia mwanamke aliyemtangaza kiwanda kizima kwamba amekwenda kuikata kwa mkono wake kazi ile ile? Alijitetea moyoni kwamba utepe utakuwepo. Utepe!

Asubuhi Asilimia alikuwa na kofia ngumu mpya na marashi mara mbili ya kawaida. Aliwapandisha wageni kwa ngazi ya mbele, akawakalisha, akawaonyesha michoro yake. Utepe ulikuwa mfukoni mwake. Nilikuwa dirishani nilipomwona anachungulia juu ya reli, akapiga kelele kuelekea jikoni.

"Chai huko! Wageni wanangoja!"

Dada akatoka na chupa zake na sinia lake, kanga mpya kiunoni, akaanza kupanda. Niliita, ila mashine za kufungashia zilikuwa zinanguruma. Wiki zile kipandio kilipokuwa kibovu angekiruka hata akiwa amefumba macho. Sasa alikikanyaga kwa uzito wake wote, tena kwa maringo.

Sitaki kueleza alivyoanguka. Mguu ulivunjika juu ya kifundo, na chai ikamuunguza shingo na mkono mzima. Sote tulikimbilia alipolala. Asilimia naye alishuka mbio, lakini hakufika kwa dada. Aliishia juu, kwenye kipandio, akatoa utepe mfukoni akaufunga, upande huu na upande ule, wakati mwenzake analia sakafuni. Nimeona uchafu mwingi maishani, nimesafisha mabomba ya mafuta yaliyooza, lakini kwa kile nilitapika.

Yule mama mwenye miwani alikuwa miongoni mwa wageni. Nilimwendea jioni ile ile nikamwambia kilikatwa, nani alikata na nani aliamuru. Alisikiliza vizuri, akamwita shemeji mbele yangu.

"Ni kweli kilikatwa?"

Asilimia alikuwa amesimama pembeni anajipepea kwa kadi. Shemeji akamtupia jicho, kisha akajibu.

"Hapana, mama. Nilikichomelea vibaya. Kiliachia chenyewe."

Mtu ambaye angepigana nawe ukisema bawaba aliyofunga inalia! Alikubali aitwe fundi mbovu ili asimwage unga wake. Niliondoka, maana ningemrukia.

Kesho yake hospitalini dada aliniuliza walisemaje. Nikamwambia yote aliyosema mumewe. Aliuweka mkono wake wenye bandeji juu ya tumbo.

"Kasema kiliachia chenyewe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Kazi yake haiachii," akasema, na akageuza uso ukutani.

Sikuwa na haja ya kumweleza zaidi. Makao makuu nao walimaliza uchunguzi wao haraka, na matokeo yakabandikwa ubaoni. Yalisema hatari ile iliripotiwa mara nyingi sana kabla ya ajali, kwa hiyo viashiria vilitabiri, kwa hiyo mfumo unafanya kazi. Picha ya kipandio na utepe wake wa njano inatumika sasa kufundishia matawi mengine, na anayezunguka kufundisha ni Asilimia. Alikuja kuniaga. Alinipa mkono, nikamwambia wangu una grisi.

Siku dada aliporuhusiwa tulimpeleka kwake, mimi na shemeji. Mbele ya mlango wao kuna vipandio vitatu vya saruji, alivijenga shemeji mwenyewe walipohamia, na dada amevipanda miaka yote bila kuvitazama. Shemeji alitangulia, akageuka, akanyoosha mikono yote miwili.

"Njoo, mke wangu. Kanyaga tu, ni imara."

Dada hakuishika mikono ile. Alisimama chini na mkongojo wake, akaigongagonga ile saruji kwa ncha, mbele, pembeni, katikati.

"Subiri," akamwambia. "Niache nijaribu mwenyewe."