Mama Alikataa Kuimba

Harufu ya bashi, turubai ya plastiki yenye kuchomwa na jua, hata ikiwa ya ndoa, inanirudishaka kwa kilio ya kifo ya mudogo yangu. Homa njo ilimubeba. Tulikuwa tumeomba sana. Mi sikusoma, lakini kuomba nilijuaka.

Chini ya bashi bamama baliimba, mama yetu akakataa. Nkambo, mama yake, akamuambia:

— Imba, mwanangu.

— Nimusifu Mungu kwa lipi?

— Basi, muulize yeye mwenyewe.

Mama akasimama, akaangalia juu:

— We! Ulinisikia. Juu ya nini ulinyamaza?

Katekista akaruka:

— Mama, ile ni zambi!

— Wacha, baba, Nkambo akamujibu. Leo njo anaomba kabisa.

Nyuma ya siku ile mama hakukosaka misa hata moja. Alikuwa anaenda kumuuliza Mungu tena, na macho makali. Alizeeka, akakufa, bila kujibiwa.