Farasi za Jokébed Juu ya Rulo

Jokébed alitengeneza motere za mazout, za dizeli, miaka kumi na moja mule Butembo, na miaka yote ile alitumikia inje ya garage ya Élisée, pembeni ya mufereji. Mvua ilimunyeshea mpaka mboga ya lengalenga ikaota juu ya kitambaa chake cha kichwa, akaivuna, akapika. Kule ndani, chini ya mabati, kulikuwa bafundi banaume bane. Kila mara akiomba kuingia, Élisée alimujibu tu: "Mama, nafasi haiko."

Halafu Élisée akaleta mashini ya kupima nguvu ya gari. Ni rulo mbili nene za chuma ndani ya simenti. Gari inapanda juu, banaifunga na minyororo, inakimbia bila kwenda fasi yoyote, na ordinateur, ile kompyuta, inahesabu farasi zake, ni kusema nguvu ya motere, na nguvu yake ya kukokota.

"Patron, unipimie pikapu ya bamama benye kuuzisha viazi, ba kule Masereka," Jokébed akasema. "Nilifungua pompe nikaiongezea mazout, na turbo nikaikaza ipulize sawasawa. Mbele ilikuwa na farasi mia moja. Sasa iko na mia moja makumi tano."

Fundi Gérard akacheka. "Farasi unazijazaga na kijiko, pale ku mufereji?"

"Ikifika mia moja makumi tano," Élisée akasema, "unaingia, unachagua fasi yako. Ikikosa, unahamisha vyuma vyako mbali na mulango wangu."

Gérard akapandisha pikapu juu ya rulo, akakanyaga. Moshi ikafunika mutaa, kuku zote zikaenda kulala saa nne ya asubui. Kelele ikafika ku kiwanja cha ndege cha Mavivi, ndege moja ikaogopa kushuka. Lakini ordinateur ikaandika: mia moja na kumi na nane.

"Voilà," Gérard akasema. "Ni mudomo tu."

Jokébed akainama, akagusa mupira ya nyuma. Ilikuwa ya moto kama chungu, na ku rulo kulikuwa mustari mweusi.

"Inateleza," akasema pole pole. "Patron, hii gari kila siku inabeba magunia makumi mbili ya viazi. Munaipima tumbo tupu, itashika chini na nini?"

"Lakini viazi beshaziuzisha," Élisée akajibu.

"Benye viazi beko."

Bamama saba balikuwa banangojea ku mulango. Mukubwa wao, Florentine, mama munene, akikaa ku benchi ya kanisa, pasta ku ule upande mwingine ananyanyuka.

"Mimi nipande gari yenye haiende?" Florentine akauliza. "Na ikikata minyororo?"

"Itakufikisha Masereka bila kulipa, mama," Jokébed akajibu.

Bakapanda bote, na vikapo vyao. Ressort, zile springi za chini ya gari, zikalala. Jokébed akamuambia Gérard ashuke, akakamata usukani mwenyewe, akakanyaga. Hii mara mipira ikauma chuma. Rulo zikalia, mabati ikatetemeka, bamama bakaimba wimbo wa kanisa mpaka mwisho.

Élisée akasoma mara mbili. "Mia moja makumi sita na tatu." Mustari wa nguvu ya kukokota ulikuwa umepanda mpaka umetoka ku ekra ya ordinateur.

Jokébed akashuka, akaingia chini ya mabati, akatembea bila haraka, akasimama fasi Gérard alitundikaga koti yake.

"Hapa."

Gérard akatosha koti. Kisha akasogea karibu, na sauti ya chini: "Mama Jokébed, ile pompe, unaifungua namna gani?"

"Lete kwanza kiti," akasema. "Nikae."