Mtoto Niliyemwandika Kiziwi

Siku yangu ya kwanza kazini, katika zahanati ya Kipini, mkuu wetu, Bwana Tabibu, alinikabidhi jiko la mafuta ya taa na sindano za kuchemsha. Nilikuwa dresa, yaani msafisha vidonda, cheo cha chini kuliko vyote. "Kijana," aliniambia, "hapa mikono ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni macho." Nikaitikia. Sikuelewa.

Baadaye tulihamishiwa Garsen sote wawili. Asubuhi moja, yeye akiwa safarini, mama mmoja wa kijiji cha Wema alimleta bintiye wa miaka sita, Hadija. Mtoto hasemi, hamtazami mtu, akiitwa hageuki. Nikampima masikio kama nilivyofundishwa: nikasimama nyuma yake, nikapiga debe kwa fimbo. Wagonjwa barazani waliruka. Hadija aliendelea kupanga kokoto zake, mstari ulionyooka kama uzi.

Nikaandika: kiziwi. Nikaandika na barua apelekwe shule ya viziwi, mbali sana na Mto Tana. Lori la kumpeleka lilikuwa la kuondoka baada ya siku mbili.

Kesho yake mama alirudi naye. "Mwanangu dresa, huyu anasikia kutushinda sote. Mpunga ukiiva, huziba masikio ghafla, nasi tukitazama juu hatuoni kitu. Mara, kundi la ndege hilo!"

"Mama, nimeshampima."

"Wewe umempima kwa debe. Mimi nimempima miaka sita. Utaninyang'anya mtoto kwa debe?"

Bwana Tabibu, aliyekuwa amerejea, alimsikia akiwa mlangoni. Nilidhani atanitetea. Alivua viatu, akaketi sakafuni mbali kidogo na mtoto, akimtazama anavyopanga kokoto. Kisha akaanza kutia ufunguo saa yake ya mfukoni, taratibu. Hadija akaacha kokoto, akasogea, akaitegea saa sikio.

"Kiziwi gani huyu, kijana?"

Mama alicheka huku machozi yanamtoka. Nikauliza mtoto ana nini basi.

"Jina silijui. Ila usimshike kidevu ili akutazame. Sema naye polepole, maneno yale yale, mahali pale pale. Na hiyo barua, ichane mwenyewe."

Nikaichana.

Jina nililisikia nikiwa nimeshastaafu: usonji. Si wazimu, si laana, wala si malezi mabaya. Ni namna ubongo wa mtoto unavyokua tangu mwanzo. Mmoja hasemi, mwingine husema jambo moja kutwa. Kelele hii humpita, ile humuumiza. Ninyi vijana mnaotibu leo mna vipimo ambavyo sisi hatukuvijua, nami nawaonea fahari. Pimeni, kisha msikilizeni mzazi hadi amalize.

Nimetibu wengi nikawasahau. Wale wawili nawaona bado, wakishika njia ya Wema kwa miguu: mama mbele anaongea bila kukoma, binti nyuma hamjibu neno, wala hamwachi hatua.